Okidi sapatu: mama, mtoto na mjukuu katika chungu kimoja

Mwenye okidi sapatu dirishani huanza kulalamika baada ya mwaka wa kwanza: mbona haikui? Aliinunua ikiwa na ua. Ua likakaa wiki nane likaanguka, na tangu hapo majani ni yale yale matano, marefu kama rula ya mwanafunzi. Anamwagilia, anangoja, ua halirudi. Wengine hukata tamaa wakautupa mmea ulio mzima kabisa. Inaniuma kila ninapolisikia hilo, kwa sababu mmea ule haukuwa umelala. Mwenyewe alikuwa akitazama juu, na ukuaji uko chini, ubavuni.

Anayeujua mgomba ameshaielewa nusu ya habari. Shina la mgomba huzaa mkungu mmoja tu, basi kazi yake imekwisha. Shamba huendelezwa na machipukizi yanayotoka pembeni. Okidi sapatu nayo ni hivyo hivyo. Kila chipukizi ni upepeo wa majani machache yanayotoka kwa zamu, kulia na kushoto. Yakishakomaa, katikati hutoka kikonyo cha ua. Baada ya hapo kitovu kile kimefungwa: hakitoi jani jipya, hakitoi kikonyo cha pili katika maisha yake. Ua lijalo litatoka kwa mtoto aliyechipua kando yake.

Ila mgomba na okidi huachana mahali pamoja. Shina la mgomba lililokwisha kuzaa hukatwa likaoza, lakini upepeo wa zamani wa okidi hubaki kijani miaka kadhaa, ukimlisha mtoto. Okidi nyingine nyingi zina mashina yaliyovimba ambayo huweka akiba ya maji na chakula, hii haina. Ghala lake ni majani yenyewe. Anayeyakata kwa kuwa "hayatoi tena maua" amemwachisha mtoto ziwa kabla ya wakati.

Jina la sapatu linatokana na petali moja iliyojikunja ikawa mfuko, mfano wa ncha ya sapatu iliyofumbwa mbele. Wataalamu waliona kiatu hicho hicho. Jenasi inayofugwa zaidi majumbani ni Paphiopedilum, jina lililoungwa kutokana na Paphos, mji wa Kupro uliokuwa wa ibada ya Afrodita, na neno la Kigiriki la kiatu. Makao yake ni Asia ya joto: kutoka India na kusini mwa China, kupitia Vietnam, Borneo na Sumatra, hadi New Guinea na Visiwa vya Solomon. Jamaa zake wa jenasi ya Phragmipedium wako Amerika ya Kati na Kusini. Misitu yetu ya Afrika Mashariki ina okidi nyingi nzuri, lakini ya sapatu haimo.

Mfuko ule ni mtego, na inafaa kuutazama kwa karibu. Nzi wa maua hutua, huteleza ukingoni, hutumbukia. Kuta za ndani hazishikiki isipokuwa upande wa nyuma, ambako kuna vinywele vinavyomfaa kuwa ngazi. Hupanda, na njia ya kutokea ni tundu jembamba pembeni, juu ya kisigino cha kiatu. Ili atoke, lazima asugue mgongo kwenye stigma kwanza, kisha ajibane chini ya chavua, nayo humgandia. Utaratibu huo ndio unaozuia ua kujichavusha lenyewe: chavua anayoiacha kwenye stigma ni ya ua alilotoka, na anayoondoka nayo ni kwa ajili ya ua linalofuata. Ndiyo maana ukubwa wa mfuko si wa kubahatisha. Mdudu mkubwa mno hapiti, na mdogo mno hupita bila kugusa kitu.

Katika Paphiopedilum rothschildianum, ya mlima Kinabalu kisiwani Borneo, hadaa imekwenda mbali zaidi. Nzi jike huona madoa na vinywele vya ua akadhani ni kundi la vidukari, chakula cha watoto wake. Hutaga mayai pale pale, na watoto wakianguliwa hufa njaa.

Okidi hiyo ya Kinabalu ndiyo inayowafanya watu waulize habari za ukubwa. Majani yake hufika sentimita 60, na ua lililonyoosha petali zake mbili huweza kufika sentimita 30 kutoka ncha hadi ncha; kikonyo kimoja hubeba maua kadhaa kwa pamoja. Ndugu yake Paphiopedilum sanderianum, wa miamba ya chokaa ya Mulu huko Sarawak, ana petali zinazoning'inia kama utepe uliosokotwa, ambazo huweza kukaribia mita moja. Ilielezwa kitaalamu mwaka 1886, kisha haikuonekana tena porini hadi 1978, watu wakawa wamebaki na michoro tu. Upande wa pili kuna Paphiopedilum helenae ya Vietnam, mmea ambao wote hutosha kwenye kikombe cha chai, na Mexipedium ya Oaxaca, Meksiko, yenye ua la sentimita 2 hivi.

Za dirishani ziko katikati. Nyingi ni machotara wa kundi liitwalo Maudiae, kwa jina la chotara aliyetolewa Uingereza mwaka 1900. Majani yao yana mabakabaka ya kijani kilichokoza na kilichofifia, hutanda kama sentimita 25, na ua moja husimama juu ya kikonyo cha urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidoleni. Hapo ndipo ukubwa wa chipukizi unapoishia. Halitapanda juu zaidi hata ulimwagie mbolea ya gunia zima, na mbolea ikizidi itaunguza ncha za mizizi, ambayo ni michache, ya kahawia, yenye manyoya kama ya panya. Mizizi hiyo hutaka chungu kidogo chenye vipande vya magome na mkaa, unyevu usiokauka kabisa, na mwanga wa asubuhi.

Mwendo wake wa pole una sababu ndani ya jani. Mimea hupumua kwa vitundu vidogo viitwavyo stomata, na kila kitundu kina seli mbili za kukifungua na kukifunga. Karibu mimea yote ina kloroplasti katika seli hizo, yaani zile chembe za kijani zinazotengeneza chakula kwa mwanga. Paphiopedilum haina. Watafiti walipolieleza hilo mwaka 1975 lilikuwa jambo la ajabu, kwa kuwa vitundu vyake hufunguka na kufungika hata hivyo. Ni jani la mmea wa kivulini, unaotumia mwanga kidogo kwa uangalifu. Chipukizi la Maudiae huchukua mwaka mmoja hadi miwili kukomaa likatoa ua. Rothschildianum iliyopandwa kwa mbegu huweza kumweka mtu miaka 10 au zaidi.

Na mbegu zenyewe ni vumbi, hazina akiba yoyote ya chakula. Porini haziwezi kuota bila kuvu wa kuzilisha. Mwaka 1922 Mmarekani Lewis Knudson alionyesha kwamba mbegu za okidi zinaweza kuoteshwa ndani ya chupa, juu ya jeli yenye sukari, na hadi leo miche huanza hivyo. Okidi zile za maua mapana kama nondo zinazojaa madukani hunakiliwa maabara kwa mamilioni kutokana na kipande cha mmea mmoja. Sapatu imekuwa kaidi sana kunakiliwa kwa njia hiyo. Kila mche wa mbegu ni kiumbe kipya, na bei yake inalijua hilo.

Ukaidi huo umeiletea balaa pia. Paphiopedilum vietnamense ilitangazwa kwa wataalamu mwaka 1999. Baada ya miaka michache tu wachimbaji walikuwa wameing'oa karibu yote porini. Jamii hizi ziko katika orodha kali kabisa ya mkataba wa CITES, na biashara ya mimea iliyong'olewa mwituni imepigwa marufuku. Kwa hiyo ukiuziwa okidi sapatu, uliza ilikooteshwa.

Njia ya kawaida ya kupata mmea ule ule ni kuugawa. Hapa tunarudi shambani: wakulima wa migomba huachia kila shina watu watatu, mama, mtoto na mjukuu. Walezi wa okidi sapatu wanashauriana vivyo hivyo, usikate kipande chenye machipukizi pungufu ya matatu, la sivyo kitanuna miaka. Kwa kugawana namna hiyo, Maudiae 'Magnificum' wa mwanzoni mwa karne ya 20 bado yuko hai. Mashina ya wakati ule yameoza zamani, ila mmea ni ule ule, zaidi ya miaka 100, na unaenea kwenye chungu cha sentimita 12.

Wangu nao ni Maudiae. Ua lilianguka Desemba, sikukata kitu. Mwezi wa tatu, nikimwagilia, nikaona kati ya magome ncha ya kijani, kubwa kama punje ya mchele, imeegemea ubavu wa mama yake. Jana nilipima: jani lake la tatu limefika sentimita 9.