TELA LISILOSHIKA BREKI NI ADUI WA MFANYAKAZI

Ndugu madereva, matingo na mafundi wa Jinja na Mbale,

Katika mikutano yetu ya tawi tunazungumza sana juu ya mishahara na saa za kazi, na ni haki yetu. Leo naomba tuzungumze juu ya waya mmoja tu. Waya huo ukiwa mbovu, mshahara unaweza kukosa mtu wa kuupokea.

Kabla ya kuwa mtumishi wa chama nilikuwa utingo. Siku moja tulitumwa kutoka Jinja kwenda Sipi, mlimani juu ya Mbale, kuchukua jenereta iliyoharibika. Pikapu yetu ilivuta tela dogo la ekseli mbili lililotoka Marekani. Tela la namna hiyo halina breki za upepo kama matela ya malori yanayotoka Mombasa. Breki zake ni za umeme.

Asubuhi, tukiwa bado yadi, niliona waya wa breki umesokotwa kwa mkono na kufungwa kwa nailoni. Nikamwambia dereva, "Mzee, waya huu haukufungwa vizuri." Akanijibu, "Mwanangu, hata mimi nimeuona. Lakini tumeambiwa tukichelewa tusirudi kazini." Tukaondoka.

Kwenda hatukuona taabu. Tela lilikuwa tupu, na barabara ya Iganga na Tirinyi ni tambarare, inapita penye mafunjo ya mto Mpologoma. Breki za pikapu peke yake zilitosha. Lakini tulipoteremka kutoka Sipi na mzigo, tela lilianza kutusukuma. Dereva akakanyaga breki, pikapu ikashika, tela halikushika. Breki za pikapu zikapata moto, zikalegea. Mzee akachagua kugonga ukingo wa udongo kuliko kwenda bondeni. Yeye alivunjika mbavu, mimi mguu. Tunamshukuru Mungu hakufa mtu.

Mwajiri alisema dereva alikimbiza gari, akataka kumkata mshahara. Tawi la chama likaomba tela lipimwe na fundi mbele ya pande zote mbili. Kwenye betri mlikuwa na volti 12. Kwenye breki za tela hazikufika hata 5. Waya wa kurudisha umeme, ambao mafundi huuita athi, ulikuwa umeliwa na kutu. Dereva hakukatwa hata shilingi moja.

BREKI HIZI ZINAFANYAJE KAZI?

Ndani ya kila gurudumu lenye breki mna sumaku ya umeme. Dereva akikanyaga breki, kisanduku kilicho karibu na usukani hupeleka umeme kwenye tela. Sumaku hujivuta kwenye uso wa ngoma inayozunguka, ngoma huiburuta, nayo husukuma mkono unaobana viatu vya breki. Umeme ukiwa mdogo, breki inashika kidogo. Umeme usipofika, haishiki kabisa.

Hapo ndipo penye hatari. Katika breki za upepo, mpira mwekundu ukikatika, tela hujifunga lenyewe. Breki ya umeme ni kinyume chake: waya ukikatika, tela linakuwa huru na wewe huna habari.

YA KUANGALIA WAKATI WA KUUNGA WAYA

1. Tumia waya mnene. Kila sumaku hula karibu ampia 3, kwa hiyo tela la magurudumu manne lahitaji karibu ampia 12. Usitumie ule mwembamba wa taa. Usipungue milimita 4 za mraba.

2. Athi iwe na waya wake kutoka kwenye tela hadi kwenye betri ya gari. Usitegemee chuma cha kuvutia, kwa sababu kina grisi na kutu.

3. Usiamini rangi. Katika matela ya Marekani waya wa buluu ni wa breki na mweupe ni athi. Katika plagi za Ulaya buluu ni taa ya ukungu. Pima kwa mita kwanza.

4. Waya wa breki usiunganishwe na taa za breki. Utoke kwenye kile kisanduku, na umeme unaokwenda kwenye kisanduku upitie fyuzi.

5. Maungio yabanwe au yalehemiwe, kisha yazibwe maji yasiingie.

6. Malori mengi hutumia volti 24. Sumaku za volti 12 zikiungwa humo zitaungua.

7. Tela liwe na betri yake ndogo na swichi ya dharura. Kamba ya swichi ifungwe kwenye fremu ya gari, si kwenye mnyororo wala chuma cha kuvutia. Tela likichomoka, kamba huvuta pini na breki hufunga. Sheria ya Marekani inataka breki hizo zishike kwa dakika 15 au zaidi.

KABLA YA KUTOKA YADI

Inua gurudumu kwa jeki, gari likiwa limewekewa kabari. Utingo azungushe gurudumu kwenda mbele, dereva abonyeze kisanduku kwa mkono. Lisimame. Rudia kwa kila gurudumu. Kisha chomoa plagi ya tela, vuta pini ya dharura, na uone kama magurudumu yanajifunga. Rudisha pini upesi, betri isiishe. Mwisho, tembeza gari polepole mahali pasipo watu na ushike kwa breki za tela peke yake. Kazi hii haizidi nusu saa. Mguu wangu ulikaa miezi mitatu katika plasta.

HAKI YAKO

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi haki ya kujiondoa penye hatari. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema mfanyakazi aliyejiondoa kwenye hatari kubwa ya maisha alindwe asidhulumiwe. Mwaka 2022 Shirika hilo liliuweka mkataba huo miongoni mwa mikataba yake ya msingi.

Kwa hiyo ukiona waya umefungwa kwa nailoni, usinyamaze kama tulivyonyamaza sisi. Mwambie msimamizi mbele ya shahidi. Andika tarehe, namba ya tela na ubaya uliouona. Mpelekee mwakilishi wa tawi nakala. Na wewe fundi, usikubali kuambiwa "funga tu iende", maana anayekwenda nayo ni ndugu yako.

Mtu mmoja akikataa ataitwa mkaidi. Yadi nzima ikikataa, waya utanunuliwa.

Umoja ni nguvu.