Mkono Ukivunjika, Tazama Vidole Kwanza

Anayeanguka kutoka kwenye pikipiki hutanguliza mkono. Hakuna aliyemfundisha, mwili wenyewe hujitetea hivyo ili kichwa kisalimike. Kiganja kinapiga chini, na uzito wote wa mwili unapanda kutoka kwenye kifundo cha mkono, unapita kigasha na kiwiko, hadi begani. Mahali fulani katika njia hiyo, mfupa ulioshindwa na uzito unakatika.

Kirumba, huku Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, iko kwenye barabara ya taifa namba 2, ile inayotoka Goma, ikapanda Kanyabayonga na Kayna, kisha ikaelekea Lubero na Butembo. Mvua ikinyesha, motari aliyebeba abiria wawili na mzigo wa viazi juu ya udongo unaoteleza yuko karibu na kuanguka kila kona. Mtoto aliyepanda mparachichi nyuma ya nyumba naye yuko karibu. Kwa hiyo mifupa ya mkono ni jambo la kila familia huku, na kila familia ina sababu ya kujua imepangwaje, inavunjikia wapi, na ni nini kinachopita kando yake. Hili la mwisho ndilo muhimu kuliko yote. Mfupa uliovunjika karibu kila mara huunga. Neva au mshipa wa damu uliobanwa unaweza kukuachia mkono usiofanya kazi maisha yako yote.

Mtu mzima ana mifupa 206. Kila mkono, kuanzia bega hadi ncha za vidole, una 32, na mikono yote miwili ina 64, karibu theluthi ya mifupa yote ya mwili. Mguu uliumbwa kubeba; mkono uliumbwa kufika, kushika na kugeuza. Ili upate uhuru huo, ulipoteza uimara.

Bega: uhuru ulionunuliwa kwa bei

Mkono mzima umeunganishwa na kifua kwa mfupa mmoja tu: mtulinga, ule unaoweza kuupapasa chini ya shingo. Kazi yake ni kuliweka bega mbali na kifua ili mkono upate nafasi ya kuzunguka. Ni mfupa wa kwanza kuanza kukomaa mtoto akiwa tumboni, kama wiki ya tano au ya sita ya mimba, na ni wa mwisho kumaliza, baada ya mtu kupita umri wa miaka 20. Ukivunjika, mara nyingi huvunjika katikati. Wengi hupona kwa kuning'iniza mkono shingoni kwa kitenge kwa wiki kadhaa, ingawa kivimbe kidogo kinaweza kubaki. Nenda hospitali haraka ikiwa ncha ya mfupa inasukuma ngozi hadi inakuwa nyeupe, ikiwa mkono umekufa ganzi, au ikiwa kupumua kunauma.

Nyuma yake liko kombe la bega, mfupa bapa wa pembe tatu unaoshikwa na misuli 17. Misuli hiyo inaulinda vizuri, hivyo huvunjika kwa nadra. Ukivunjika, ujue pigo lilikuwa kubwa, na mbavu na mapafu lazima vichunguzwe pia.

Kichwa cha mfupa wa mkono wa juu, humerasi, ni cha mviringo, nacho kinakaa kwenye kikombe kifupi cha kombe la bega ambacho hakifuniki hata nusu yake. Ndiyo maana mkono unaweza kufika juu, nyuma na pembeni, na ndiyo maana bega huteguka kuliko kiungo kingine chochote kikubwa. Bega lililoteguka lisivutwe njiani na marafiki wenye nguvu. Neva inayopita chini ya shingo ya humerasi inaweza kukatika, na mara nyingine mfupa wenyewe umevunjika bila mtu kujua. Lipigwe picha ya eksirei kwanza, lirudishwe na mwenye ujuzi.

Humerasi na neva inayoizunguka

Katikati ya humerasi, upande wa nyuma, kuna mfereji ambamo neva kubwa hupita ikiwa imeugusa mfupa. Neva hiyo ndiyo inayoinua kifundo cha mkono na kunyoosha vidole. Mfupa ukivunjika hapo, karibu mgonjwa mmoja kati ya kumi hupata mkono unaolegea: kifundo kinaanguka, na hata akijitahidi hawezi kukiinua. Wengi wao hupona wenyewe baada ya miezi, kwa sababu neva imechubuka tu. Lakini hali ya neva lazima ijulikane kabla mtu hajaanza kuushika mfupa na kuunyoosha. Kama mgonjwa aliweza kuinua kifundo asubuhi na jioni hawezi tena, huenda tatizo limetokea mikononi mwa anayemtibu.

Kiwiko cha mtoto: hatari kubwa kuliko zote

Hapa ndipo penye uzito. Mtoto wa miaka mitano, sita au saba aliyeanguka kutoka mtini mara nyingi huvunja humerasi juu kidogo ya kiwiko, ambapo mfupa ni mwembamba. Mbele ya sehemu hiyo hiyo unapita mshipa mkuu unaopeleka damu kwenye kigasha na kiganja, pamoja na neva ya katikati ya mkono. Ncha kali ya mfupa inaweza kuuchoma mshipa huo au kuubana. Kisha uvimbe unaongezeka. Kama juu ya uvimbe huo mtu amefunga vibanzi kwa kamba au kitambaa cha kukaza, damu haipiti tena.

Msuli usiopata damu huanza kufa, na baada ya muda wa saa sita hivi madhara huwa ya kudumu. Msuli uliokufa hugeuka kovu, kovu hujikunja, na vidole hukunjwa kama kucha za ndege, havinyooki tena. Daktari Mjerumani Richard von Volkmann alieleza ulemavu huu mwaka 1881, na aliuhusisha na bandeji zilizokazwa mno. Tangu wakati huo waganga wanajua sababu yake na wanajua jinsi ya kuuzuia. Kwa hiyo kila mtoto anayeupata leo amepata madhara ambayo yangeweza kuepukwa.

Mzazi anaweza kuiona hatari hii mapema bila chombo chochote. Mwambie mtoto afanye mambo matatu: ainue kidole gumba juu, afanye duara kwa kugusanisha ncha ya gumba na ya kidole cha shahada, atandaze vidole vyote. Kila tendo linapima neva moja kati ya tatu kubwa za mkono. Kisha minya ukucha hadi uwe mweupe, uachie: rangi irudi ndani ya sekunde mbili hivi. Gusa kiganja na ukilinganishe na cha mkono mzima, kisiwe baridi. Mwisho, nyoosha vidole vyake polepole. Akilia kwa maumivu makali kwenye kigasha, makali kuliko yale ya pale palipovunjika, hiyo ni dharura. Legeza kila kitu kilichofungwa na umpeleke hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Mifupa miwili inayogeuza kiganja

Kigasha kina mifupa miwili. Alna iko upande wa kidole cha mwisho na ndiyo inayoshikilia kiwiko. Rediasi iko upande wa gumba na ndiyo inayobeba kifundo. Unapogeuza kiganja juu ili kupokea pesa, mifupa hiyo inalala sambamba. Unapokigeuza chini ili kushika usukani, rediasi inapita juu ya alna. Kwa sababu hii, kigasha cha mtu mzima kilichoungwa kikiwa kimepinda kidogo tu humnyima tendo hilo, na mara nyingi kinahitaji upasuaji na vyuma. Kwa mtoto mdogo mfupa unaokua unaweza kujinyoosha kwa kiasi, isipokuwa sehemu za ukuaji karibu na ncha zake zikiumia.

Mvunjiko wa kawaida kabisa wa anayeanguka na kiganja mbele uko kwenye ncha ya rediasi, karibu na kifundo. Daktari Abraham Colles wa Dublin, Ireland, aliuelezea mwaka 1814 kwa kutumia macho na vidole tu. Eksirei ilikuja miaka 81 baadaye: Desemba 1895 Wilhelm Röntgen wa Ujerumani alipiga picha ya mkono wa mke wake, na mifupa ya vidole vyake, pamoja na pete, ikaonekana na dunia nzima. Picha ya aina hiyo bado ndiyo msaada mkuu wa mgonjwa wa kuvunjika leo.

Kifundo kinachodanganya

Kifundo kina mifupa minane midogo katika safu mbili. Mtoto anapozaliwa yote bado ni gegedu, haionekani kwenye eksirei. Inatokea mmoja baada ya mwingine hadi karibu umri wa miaka 12. Ndiyo maana picha ya mkono hutumika kukadiria umri wa mtoto. Mwaka 2009 FIFA ilianza kupima vifundo vya wachezaji wa Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 kwa mashine ya sumaku, ikitazama kama ncha ya rediasi imeshafunga ukuaji wake.

Kati ya minane hiyo, mmoja unastahili tahadhari: skafoidi, chini ya gumba. Damu yake huingia kutoka upande wa vidole na kurudi nyuma, hivyo ukivunjika katikati, nusu ya nyuma inaweza kukosa damu na kufa. Isitoshe, eksirei ya siku ya kwanza mara nyingine haiuoni mvunjiko. Inua gumba lako na utaona kishimo kati ya kano mbili. Kijana aliyeanguka, ambaye kishimo hicho kinamuuma kikibonyezwa, afungwe kifundo na apigwe picha tena baada ya siku 10 hadi 14, hata kama ya kwanza ilikuwa safi.

Mkono uliotengeneza historia

Kiganja kina mifupa mitano, na vidole vina pingili 14: tatu kila kimoja, mbili kwa gumba. Ndani ya vidole hakuna misuli ya kuvikunja; misuli inayovikunja na kuvinyoosha iko kwenye kigasha na kiganja, ikivivuta kwa kano. Ndiyo maana jeraha la juu huonekana chini, kwenye vidole.

Baadhi ya mifupa ya kale ya mkono huu imepatikana Afrika Mashariki. Mwaka 1960 mifupa ya mkono ilichimbuliwa Olduvai, Tanzania, yenye umri wa miaka milioni 1.8 hivi, na mwaka 1964 Louis Leakey, Phillip Tobias na John Napier waliitumia, pamoja na taya na vipande vya fuvu, kutangaza spishi ya Homo habilis, mtu mwenye ustadi. Huko Ishango, mahali Semliki inapotoka Ziwa Edward, ziwa lile lile linaloonekana kutoka kwenye milima ya Lubero, Mbelgiji Jean de Heinzelin alipata mwaka 1950 mfupa wa mnyama uliochongwa mistari kwa mpangilio, wenye umri wa miaka 20,000 hivi. Wataalamu wengi wanauhesabu kati ya kumbukumbu za zamani kabisa za hesabu. Uko Brussels leo. Mkono uliouchonga ulikuwa na mifupa 32, sawa na wako.

Kwa waunga mifupa na kwa familia

Mwunga mifupa wa kijiji hana budi kuheshimiwa. Kwa wengi yeye ndiye wa karibu, na vita vilivyofika Kirumba mwishoni mwa Juni 2024 vimefanya safari ya kwenda hospitali kubwa za Butembo na Beni iwe ngumu zaidi. Mara nyingi anafanikiwa, kwa kuwa mfupa hujiunga wenyewe: damu iliyoganda mahali palipovunjika hugeuka tishu laini katika wiki za kwanza, kisha tishu hiyo hukomaa kuwa mfupa. Kazi ya vibanzi ni kuutuliza tu. Hatari iko katika mambo mawili: kukaza, na kukanda. Kiwiko kilichovunjika kikikandwa kwa nguvu, mfupa mpya unaweza kuota ndani ya msuli na kiungo kikagoma kukunjika.

Kwa hiyo, mtu akivunjika mkono:

Mvue pete na bangili mara moja, kabla mkono haujavimba.

Utulize mkono jinsi ulivyo kwa mbao au katoni ngumu na kitambaa laini, ukiacha vidole wazi ili vionekane. Usiufunge kwa kukaza.

Kama kuna jeraha juu ya mvunjiko, lifunike kwa kitambaa safi, usirudishe mfupa ndani, na nenda hospitali siku hiyo hiyo kwa dawa ya vijidudu na chanjo ya pepopunda.

Pima vidole: gumba juu, duara, tandaza, ukucha. Rudia kila saa siku ya kwanza, hata baada ya plasta kuwekwa hospitalini, kwa kuwa plasta nayo hubana.

Maumivu yanayozidi, vidole baridi, vyeusi au vilivyokufa ganzi: legeza kilichofungwa na usisubiri kesho.

Wamotari, waunga mifupa na akina mama wa Kirumba, mfundisheni kila mtu jaribio hili la vidole. Mfupa uliopinda daktari anaweza kuunyoosha hata baada ya wiki. Msuli uliokufa hakuna anayeweza kuufufua.