Nani Akabidhiwe Timu? Kisa cha Mashabiki wa Tennessee

Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Jumapili ya tarehe 26 Novemba 2017 mbiu ililia katika mji wa Knoxville, jimbo la Tennessee, nchini Marekani. Haikuwa mbiu ya vita, wala ya moto, wala ya mafuriko. Mchana ule zilivuma habari kwamba Chuo Kikuu cha Tennessee kimepatana na Bwana Greg Schiano aje kuwa kocha mkuu wa timu yake ya kandanda. Kabla siku haijaisha mashabiki walikuwa wamekusanyika chuoni wakipiga makelele ya kupinga, wabunge kadhaa wa jimbo walikuwa wametoa kauli zao, na mapatano yale, yaliyokuwa yamekwisha kuanza kutiwa saini, yalikuwa yamevunjika.

Askari asomaye habari hii huenda akashangaa. Katika jeshi na katika polisi, mkuu wa kikosi huteuliwa kwa amri itokayo juu. Hapigiwi kura na walio chini yake, wala hakataliwi na umati uliosimama langoni. Lakini askari huyo huyo, jioni akiwa mesini na wenzake, anajua sana ni nani angefaa kuifundisha timu ya kambi yake, na haoni haya kulisema hilo kwa sauti kubwa. Kwa hiyo kisa cha Tennessee si kigeni kwake hata kidogo. Swali lililowagombanisha watu wa Knoxville huulizwa kila mahali penye timu: ni nani mwenye kumchagua kiongozi, na umati una haki ya kusikilizwa kwa kiasi gani?

MCHEZO WENYEWE

Yafaa kwanza tuelezane, maana kandanda ya Wamarekani si hii tuijuayo sisi. Mpira wao una umbo la yai, nao hubebwa na kurushwa kwa mikono zaidi kuliko kupigwa kwa mguu. Wachezaji 11 wa kila upande huvaa kofia ngumu na kinga za mabega, kwa sababu kuangushana chini ni sehemu ya mchezo. Uwanja una urefu wa yadi 100 kutoka mstari wa goli hadi mstari wa goli. Timu yenye mpira hupewa nafasi nne za kusonga mbele yadi 10. Ikifaulu hupewa nafasi nyingine nne, na ikishindwa mpira huenda kwa wapinzani. Kwa kifupi ni vita vya kugombea ardhi, hatua kwa hatua, na kila shambulio hupangwa kabla ya kuanza. Kocha mkuu husimama kando ya uwanja, vyombo vya kusikilizia vikiwa masikioni, akizungumza na wasaidizi wake mfano wa kamanda na maofisa wake wa operesheni.

Wachezaji wa timu za vyuo ni wanafunzi, lakini mambo yanayowazunguka si ya kitoto. Uwanja wa Tennessee, uliofunguliwa mwaka 1921 na kupanuliwa mara nyingi baadaye, huchukua watu zaidi ya 100,000, nao siku ya mechi hujaa watu waliovaa rangi ya chungwa. Katika majimbo mengi ya Marekani mtumishi wa umma anayelipwa mshahara mkubwa kuwapita wote si gavana, bali ni kocha wa chuo. Ndiyo maana uteuzi wake hujadiliwa nyumbani, kazini na redioni kana kwamba ni uteuzi wa waziri.

JEMADARI ALIYEPATA KUWA KOCHA

Timu hiyo huitwa Volunteers, yaani Wenye Kujitolea, na asili ya jina hilo ni ya kijeshi. Jimbo la Tennessee lilipata sifa kwa wingi wa vijana wake waliojitolea kupigana katika vita vya mwaka 1812 dhidi ya Uingereza. Aidha, uwanja wenyewe umepewa jina la askari, Robert Neyland, mhitimu wa chuo cha kijeshi cha West Point mwaka 1916.

Neyland alifika Knoxville mwaka 1925 akiwa ofisa aliyetumwa kuwafunza wanafunzi mambo ya kijeshi, na mwaka 1926 akakabidhiwa timu. Hakuteuliwa kwa shangwe za umati. Aliyemteua alikuwa mhandisi, Profesa Nathan Dougherty, ambaye alitaka jambo moja tu, kwamba timu iache kuonewa na jirani zao wa Vanderbilt. Neyland alifundisha kwa nidhamu ya kambini: mazoezi yaleyale yarudiwe mpaka mwili uyajue, makosa yapunguzwe, na kosa la adui lingojewe kwa saburi. Mwaka 1939 timu yake ilimaliza mechi zote 10 za msimu wa kawaida bila kufungwa hata pointi moja.

Mara mbili jeshi lilimwita, naye mara mbili aliiacha timu. Mwaka 1935 alitumikia Panama. Kuanzia mwaka 1941 alikuwa katika Vita Kuu ya Pili, akafikia cheo cha Brigedia Jenerali katika medani ya China, Burma na India, ambako kazi yake ilikuwa ugavi. Alirudi mwaka 1946 akaendelea hadi mwaka 1952. Hesabu yake yote ni ushindi 173, kushindwa mara 31 na sare 12. Hicho ndicho kipimo ambacho kila kocha wa Tennessee hupimwa nacho, naye asiyekifikia huona taabu.

MIAKA YA KUTANGATANGA

Baada ya Neyland walikuwako makocha wema, na aliyeng'ara zaidi ni Phillip Fulmer, aliyeiongoza timu kutwaa ubingwa wa taifa wa msimu wa 1998 bila kushindwa hata mara moja. Lakini mshabiki hali chakula cha jana. Mwaka 2008, msimu ulipokwenda vibaya, Fulmer aliondolewa.

Hapo ndipo kutangatanga kulipoanza. Lane Kiffin alikaa msimu mmoja tu, na mwezi Januari 2010 akahamia California ghafula. Usiku ule wanafunzi wenye hasira walijaa njiani na kuchoma magodoro. Derek Dooley aliyemfuata alidumu misimu mitatu na akashindwa mara nyingi kuliko alivyoshinda. Butch Jones alikuja mwaka 2013 na matumaini mapya, lakini mwezi Novemba 2017 naye akafukuzwa, chuo kikiwajibika kumlipa fidia ya zaidi ya dola milioni 8. Msimu ule timu ilishinda mechi 4 na kushindwa 8, na katika mechi za ligi yao haikushinda hata moja. Jambo kama hilo halikuwa limetokea tangu timu ianzishwe.

Mjadala ukawaka. Wengi walimtaka Jon Gruden, aliyekuwa amechukua ubingwa wa timu za kulipwa katika msimu wa 2002 na ambaye katika ujana wake aliwahi kuwa msaidizi hapo hapo Tennessee. Kila kocha alipofukuzwa jina la Gruden lilivuma upya, ingawa yeye alikuwa ametulia katika kazi ya kutangaza mpira katika televisheni. Wengine walisema atafutwe kijana mwenye njaa ya ushindi. Wengine walisema arudishwe mtu wa nyumbani aliyeijua rangi ya chungwa tangu utotoni. Kila kundi lilikuwa na hoja zake, na kila kundi liliamini kwamba mkurugenzi wa michezo, Bwana John Currie, analisikiliza.

JUMAPILI YA MAKELELE

Kumbe Currie alikuwa na mtu wake. Schiano alikuwa mkuu wa safu ya ulinzi ya Ohio State, na kabla ya hapo aliinua timu dhaifu ya Rutgers kwa miaka 11. Lakini alipojaribu timu ya kulipwa ya Tampa Bay alishinda mechi 11 na kushindwa 21. Kwa mashabiki waliokuwa wakiota Gruden, hiyo ilikuwa kama kuahidiwa ng'ombe na kuletewa mbuzi.

Lakini kulikuwa na jambo zito kupita hilo. Katika miaka ya 1990 Schiano alikuwa msaidizi katika chuo cha Penn State, mahali alipofanya kazi Jerry Sandusky, mtu aliyetiwa hatiani mwaka 2012 kwa kuwanajisi watoto. Mwaka 2016 hati za mahakama zilitolewa hadharani, na ndani yake shahidi mmoja alidai kuambiwa na mtu wa pili kwamba Schiano aliwahi kuona jambo. Schiano alikana. Mtu wa pili naye alikana. Schiano hakufunguliwa mashtaka yoyote.

Askari polisi anajua tofauti baina ya niliona, niliambiwa, na nilimsikia fulani akisema aliambiwa. Mashabiki wa Knoxville hawakuingoja tofauti hiyo. Katika chuo hicho liko jiwe kubwa ambalo wanafunzi hulipaka rangi na kuliandika watakalo. Jumapili ile liliandikwa maneno makali ya kumhukumu mtu ambaye hakuwa amehukumiwa na mahakama yoyote. Hapana shaka walikuwamo waliosema kwa moyo mweupe, kwa uchungu wa watoto walioumizwa. Lakini walikuwamo pia waliomkataa kwa sababu ya mpira tu, wakaokota fimbo ya kwanza waliyoiona.

Uongozi nao, uliokuwa umeona mtu huyu anafaa asubuhi, ulimwona hafai jioni. Ukweli wa mambo haukuwa umebadilika kwa saa chache zile. Kilichobadilika ni ukubwa wa sauti. Currie alihangaika kutafuta mwingine. Kocha wa Oklahoma State, Mike Gundy, alikataa. Currie alisafiri hadi Los Angeles kuonana na Mike Leach wa Washington State, lakini tarehe 1 Desemba aliitwa nyumbani na kusimamishwa kazi. Mahali pake akawekwa Fulmer, yule yule aliyefukuzwa mwaka 2008. Manahodha wengi, chombo huenda mrama.

KILICHOFUATA

Tarehe 7 Desemba 2017 Fulmer alimtangaza Jeremy Pruitt, mkuu wa safu ya ulinzi wa Alabama. Umati ulitulia. Waliokuwa wamepiga makelele waliona wameshinda, maana mtu wasiyemtaka hakuja na mtu wao wa zamani ndiye aliyeshika usukani.

Furaha hiyo haikudumu. Januari 2021 Pruitt alifukuzwa baada ya kugunduliwa kwamba vijana waliokuwa wakishawishiwa kujiunga na timu, pamoja na jamaa zao, walipewa fedha na manufaa kinyume cha kanuni za wakati ule. Fulmer alistaafu. Mwaka 2023 chama kinachosimamia michezo ya vyuo kilitoa hukumu: faini ya zaidi ya dola milioni 8, na ushindi 11 wa misimu ya 2019 na 2020 ukafutwa katika vitabu. Hata Gruden, kipenzi cha wengi, alijiuzulu katika timu ya kulipwa ya Raiders mwezi Oktoba 2021 baada ya barua zake zenye maneno ya matusi kufichuliwa. Schiano naye alikuwa amerudi Rutgers tangu Desemba 2019, akaendelea na kazi yake.

Safari hii chuo kilimwajiri mkurugenzi mpya, Danny White, naye katika siku chache akamleta Josh Heupel, kocha aliyekuwa pamoja naye huko Central Florida. Hakukuwa na shangwe kubwa. Wengi walinung'unika kwamba mkurugenzi amebeba tu mtu aliyemkuta karibu. Heupel hakujibizana na mtu. Alifundisha timu yake kushambulia kwa kasi, adui asipate nafasi ya kupumua. Tarehe 15 Oktoba 2022 Tennessee iliishinda Alabama kwa pointi 52 kwa 49, kwa mkwaju uliopigwa wakati mchezo ukimalizika. Ulikuwa ushindi wa kwanza dhidi ya Alabama tangu mwaka 2006. Mashabiki walifurika uwanjani, wakang'oa milingoti ya goli na kwenda kuitupa katika mto Tennessee. Chuo kikatozwa faini ya dola 100,000, na safari hii hakuna aliyelalamika.

FUNZO KWA MSHABIKI NA KWA MKUU

Wako watakaosema kwamba kisa hiki chathibitisha kuwa umati haujui kitu na kwamba hauna haki ya kusema. Sivyo. Mashabiki ndio wanaolipa viingilio, ndio wanaokaa kwenye mvua, nao wana haki ya kuuliza kiongozi anayeletwa ametoka wapi na amefanya nini. Kosa lao halikuwa kuuliza. Lilikuwa kufanya uvumi kuwa hukumu. Leo amehukumiwa Schiano. Kesho anaweza kuhukumiwa askari yeyote ambaye jina lake limetajwa na mtu aliyemsikia mtu.

Lakini kosa la wakuu lilikuwa zito zaidi. Walichagua gizani bila kuwaandaa watu. Na walipopigiwa kelele hawakusimama kumtetea mtu waliyemwita, wala kueleza kwa ushahidi kwa nini wanamwacha. Mkuu anayetoa amri asubuhi na kuifuta jioni kwa sababu ya kelele hufundisha kikosi chake somo moja, nalo ni kwamba kelele hulipa. Baada ya hapo kila amri yake itangojewa kwanza ipigiwe kelele.

Profesa Dougherty hakumchagua Neyland kwa sababu umati ulimtaka. Alijua anachokihitaji, akamtafuta mtu wa kukitimiza, akamwacha afanye kazi. White alifanya vivyo hivyo karibu miaka 100 baadaye. Basi jioni hii mesini, mjadala wa kocha wa timu ya kambi utakapopamba moto, kila mtu na aseme lake. Lakini anayetaja doa la mwenzake na aulizwe kwanza: uliliona mwenyewe, au uliambiwa?