Njia Ipi Tupite Upareni?

Ndugu msomaji, Qur'ani Tukufu imewahimiza waja mara nyingi watembee katika ardhi na wazingatie wanayoyaona. Basi safari ya mtu na aali zake, ikiwa na nia njema, si upuuzi wala si kupoteza mali. Lakini safari ina adabu zake, na mojawapo ya adabu hizo ambayo wengi wetu tunaisahau ni adabu ya kuchagua njia.

Siku hizi wako watu wanaosafiri kwa magari yenye vitanda, jiko na pipa la maji ndani yake, au yenye hema juu ya paa. Mwenye gari la namna hii hana haja ya kuwahi nyumba ya wageni, kwani nyumba yake anakwenda nayo. Kwa sababu hiyo hujiona kuwa kila njia ni yake, na hapo ndipo kosa linapoanzia. Gari lililobeba nyumba ni refu, ni zito, na juu yake kuna uzito mwingi. Tena ndani yake mna mama mzee na watoto, ambao wote ni amana juu ya shingo ya dereva.

Imam Muslim amepokea kwa Abu Huraira (R.A.) mafunzo ya Mtume wetu (S.A.W.) juu ya jambo hili. Ametufundisha kwamba tukipita nchi yenye malisho tumpe mnyama haki yake katika ardhi ile, na tukipita nchi kame tufanye haraka. Na tukituama usiku tujiepushe na njia, kwani ni mapito ya wanyama na makao ya wadudu. Maneno haya yalisemwa zama za ngamia, lakini tazama jinsi yanavyoifaa nchi ya Same na milima ya Upare.

NCHI MBILI KATIKA NCHI MOJA

Milima ya Upare ni sehemu ya safu ndefu ya milima inayoanzia Taita, Kenya, na kuishia Udzungwa. Pepo za Bahari ya Hindi huja na unyevu, na zinapopanda milima hupoa na kumwaga mvua juu yake. Zikishuka upande wa pili zimekwisha kukauka. Ndiyo maana msafiri aliye Same huona juu yake misitu yenye ukungu, naye mwenyewe amesimama penye vumbi, mibuyu na migunga. Kilele cha Shengena, katika msitu wa Chome, kina urefu wa mita 2,462. Lakini bondeni mvua ya mwaka mzima ni milimita 500 hivi.

Kwa hiyo nchi kame na nchi ya malisho ziko hapa bega kwa bega, na mwenye kutoka pwani ana njia tatu mbele yake.

Njia ya kwanza ni barabara kuu ya lami. Kutoka Mombo hupita Mkomazi, Hedaru na Makanya hadi Same, kisha Mwanga na Himo, hata Moshi. Milima huwa upande wa kulia, na kushoto ni nyika inayoteremka kwenye mto Pangani, ambao huku juu huitwa Ruvu. Njia hii ni nyepesi, na mandhari yake si haba, hasa asubuhi jua linapochomoza nyuma ya milima.

Njia ya pili huiacha barabara kuu penye mji mdogo wa Mkomazi, ikazunguka milima kwa upande wa mashariki kupitia Kihurio, Ndungu, Maore na Kisiwani, mpaka Same. Urefu wake ni karibu kilomita 100. Kazi ya kuitia lami imefanywa kwa vipande vipande, na penye udongo makorongo hujaa ghafla mvua inaponyesha milimani, hata kama juu ya kichwa chako mbingu ni safi. Malipo ya taabu hiyo ni makubwa: utaona mashamba ya mpunga yanayonyweshwa na maji ya mlimani, na ng'ambo yake nyika ya Mkomazi, iliyokuwa pori la akiba tangu 1951 na kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2008. Humo mna tembo, twiga, choroa, mbwa mwitu, na faru weusi waliorudishwa baada ya kutoweka.

Njia ya tatu ni ya kupanda milimani penyewe. Kutoka Same watu hupita Mwembe kwenda Mbaga; na kutoka Mwanga hupanda kwenda Usangi na Ugweno, ambako utasikia adhana kutoka kijiji hata kijiji. Hakuna mwenye macho atakayekana uzuri wa njia hizi. Lakini ni nyembamba, zina kona kali, na ukingoni ni bonde.

HATARI SI HADITHI

Wako watakaosema kwamba tunawatisha watu. La. Jioni ya tarehe 28 Juni 2025, katika eneo la Sabasaba, Same, basi na basi dogo yaligongana kwenye barabara ile ile ya lami tuliyoiita nyepesi. Ilielezwa kuwa tairi la basi lilipasuka. Magari yakawaka moto, na watu zaidi ya 35 wakafariki. Na mwezi wa Novemba 1 kati ya miezi ya vuli, mwaka 2009, mlima ulimomonyoka huko Mamba Myamba, ukafunika nyumba na kuua watu zaidi ya 20. Mwenyezi Mungu awarehemu wote.

Katika hayo mna mazingatio mawili. La kwanza ni kwamba barabara iliyonyooka huua kwa wepesi wake. Tairi lenye upepo pungufu, lililobebeshwa uzito, likikimbizwa juu ya lami ya moto, hujipinda na kupata joto mpaka lipasuke. La pili ni kwamba njia ya mlimani iliyo salama mwezi wa Julai yaweza kuwa mauti mwezi wa Novemba au Aprili.

SHAURI LETU

Tuseme baba mmoja wa Dar es Salaam anataka kuwapeleka jamaa zake Upareni kwa gari la vitanda vinne, na mama yake mzee yumo. Twamwambia hivi.

Kwanza, achague miezi ya Juni hadi Septemba. Wengi huenda Desemba kwa kuwa ndiyo wakati jamaa hukutana; naye akilazimika kwenda wakati huo, ashike barabara kuu na aulize habari za mlimani kabla ya kupanda.

Pili, nchi kame aipite kwa haraka, yaani asikawie ndani yake, wala si kwamba akimbize gari. Alale Mombo, apime upepo wa matairi yangali baridi, kisha aondoke baada ya sala ya Alfajiri. Atakuwa Same kabla ya jua kali. Akitaka njia ya Kisiwani, vilevile aianze asubuhi, na akikuta korongo lina maji asilijaribu. Angoje au arudi.

Tatu, gari kubwa lisipande mlimani. Aliache mahali pa amani Same au Mwanga, wapande kwa gari dogo na dereva mzoefu wa kona zile. Wakati wa kushuka gia iwe ndogo, kwani breki ikikanyagwa mfululizo hupata moto na kukosa nguvu. Huko juu ndiko kwenye malisho: wakae siku mbili tatu, watoto watembee, na bibi apate pumziko lake.

Nne, asilale kando ya barabara wala nyikani ukingoni mwa hifadhi, maana tembo hajui mpaka. Aombe ruhusa kwa wenyeji na uongozi wa kijiji. Tena asioshe gari wala vyombo katika mifereji. Tangu kale Wapare wamejenga mabwawa madogo yaitwayo ndiva. Maji ya kijito hukusanywa usiku, na mchana hugawanywa mashambani kwa zamu. Maji unayoyachezea wewe ni zamu ya mtu.

Tano, rukhsa ya sala isidharauliwe. Masafa haya yanatosha kupunguza sala na kuzikusanya, Adhuhuri na Alasiri pamoja, kwa masharti yake. Aliyesali kwa utulivu hana sababu ya kukimbiza gari ili awahi wakati. Hapa Same kibla ni karibu na kaskazini kamili, kikielekea mashariki kidogo.

Labda baba huyo atasema, "Nimekuja na nyumba yangu yote, nami nataka kuifikisha kileleni." Ajiulize: je, mandhari ni ya kutazamwa na gari au na watu? Alitaka mama yake auone ukungu wa Shengena. Atauona vizuri zaidi akiwa hana hofu moyoni. Njia bora si ile iliyo nzuri kupita zote, bali ni ile ambayo aliye dhaifu kuliko wote garini aweza kuipita kwa amani. Mtume (S.A.W.) alimwelekeza mtu amfunge kwanza ngamia wake, kisha ategemee; na kuchagua njia ni katika kumfunga ngamia.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awaongoze wasafiri wetu, awahifadhi waliowaacha nyumbani, na awarudishe kwa salama. Amin.