Breki ya Nyuma Ihamiapo Mkononi

Dereva wa bodaboda wa Mikocheni aliyekatwa mguu wa kulia huweza kupona kidonda asirudi kazini, kwani breki ya nyuma ya pikipiki hukanyagwa kwa mguu huohuo. Mguu wa bandia hauhisi kanyagio. Nayo breki ya mbele, ikibanwa peke yake kwenye mchanga wa barabara za ndani, huweza kumwangusha.

Fundi aweza kuihamishia breki hiyo mkononi. Fito inayoivuta huondolewa, na waya hupandishwa hadi usukani wa kushoto, jirani na klachi (mkono mmoja kazi mbili, jambo linalohitaji mazoezi ya siku nyingi). Ganda la waya sharti lifungwe imara kwenye fremu. Likisogea, breki haishiki. Kwa kuwa mkono hauna nguvu za mguu, kipande cha chuma kinachogeuza breki gurudumuni hurefushwa kidogo. Swichi ya taa ya breki, ambayo husahauliwa kwa urahisi, huunganishwa upya.

Kabla ya yote, mtaalamu wa fiziotherapia apime mshiko wa mkono wa kushoto. Ukiwa dhaifu, skuta isiyo na klachi yafaa zaidi: breki yake ya nyuma tayari imo mkononi.