Punje za Kijani za Lashaine

Magharibi mwa Arusha, upande wa Monduli, kuna kilima cha volkeno kiitwacho Lashaine. Si kirefu, na watu wakitaja Meru na Kilimanjaro chenyewe hakikumbukwi. Lakini tangu mwanajiolojia Barry Dawson na wenzake walipochapisha uchunguzi wa mawe yake mwaka 1970, Lashaine imekuwa jina kubwa kwa wanajiolojia. Ndani ya mawe yake meusi ya volkeno mna vipande vya mwamba mwingine, wa kijani, ambao haukuzaliwa na volkeno hiyo. Baadhi yake vilibebwa na uji wa moto kutoka zaidi ya kilomita 100 chini ya miguu yetu. Hakuna mashine ya kuchoronga iliyowahi kukaribia kina hicho. Tumekijua kwa kuyasoma madini yenyewe, hasa pairoksini.

Pairoksini si madini ya aina moja. Ni ukoo mzima, na kinachouunganisha ni mpangilio wa silikoni na oksijeni katika minyororo myembamba iliyolala sambamba. Katikati ya minyororo hiyo hukaa magnesiamu, chuma, kalsiamu, pengine alumini au sodiamu. Ikizidi magnesiamu, hupatikana enstataiti; kalsiamu ikiingia kwa wingi, hupatikana dayopsaidi ya kijani; vikichanganyika pamoja na chuma na alumini, hupatikana ogaiti nyeusi. Mpangilio huo ndio unaofanya fuwele zake zipasuke kwa pembe inayokaribia nyuzi 90. Mwenye lenzi ya mkononi anaweza kuitofautisha hivyo na honiblendi, ambayo nayo ni nyeusi lakini hupasuka kwa pembe za nyuzi 56 na 124.

Sasa tushuke ndani ya dunia. Chini ya ganda tunalolikanyaga liko tabaka nene la mantili, na sehemu yake ya juu imejengwa kwa peridotaiti, mwamba wa kijani kama ule wa vipande vya Lashaine, wenye madini ya olivini na pairoksini za aina mbili. Wengi hudhani huko chini ni bahari ya moto. Sivyo: mantili ni mwamba mgumu, ingawa una joto kali, kwa sababu mgandamizo wa uzito ulio juu yake unauzuia usiyeyuke. Katika Bonde la Ufa ganda la dunia linavutwa na kukonda, mantili inapanda, mgandamizo unapungua, na sehemu ndogo ya mwamba inaanza kuyeyuka. Ni kama nyama yenye mafuta ikiwekwa kwenye moto: mafuta hutoka kwanza, nyama ikabaki. Hapa kinachotangulia kwisha ni ile pairoksini yenye kalsiamu, na madini ya ganeti kama yapo. Olivini hubaki nyuma kwa wingi.

Uji huo ukifika juu na kupoa, kalsiamu, magnesiamu na chuma vilivyomo hujipanga upya na kuwa ogaiti. Ndiyo punje nyeusi tunayoiona ndani ya basalti, jiwe jeusi la volkeno. Kwa hiyo jiwe moja la Lashaine, la kutosha kiganja, laweza kuwa na pairoksini mbili zenye historia tofauti kabisa: ya kijani, iliyoletwa ikiwa nzima kutoka mantili, na nyeusi, iliyoumbika katika uji uleule ulioibeba ya kwanza. Sijui jiwe jingine linalofundisha asili ya basalti kwa uwazi kiasi hicho, na kila mwanafunzi wa jiografia wa Arusha angestahili kulishika mkononi.

Na kina je, kinasomwaje? Pairoksini mbili zikikaa pamoja katika joto kali huchanganya kemia zao. Joto likipungua hutengana, moja ikibaki na kalsiamu nyingi na nyingine ikiwa nayo kidogo sana. Pengo kati yao hutupa kipimo cha joto. Mgandamizo, ambao ndio unaoonyesha kina, tunaupata kwenye enstataiti iliyokaa jirani na ganeti: kadiri mgandamizo unavyoongezeka ndivyo alumini inavyopungua ndani yake. Vipimo hivyo hufanywa kwa mashine inayopiga punje kwa mwale wa elektroni. Havingekuwa na maana kama safari ya kupanda ingekuwa ya polepole, maana kemia ingejirekebisha njiani. Lakini vipande vya Lashaine, vizito kama vilivyo, hupandishwa kwa saa au siku chache tu.

Pairoksini haihitaji volkeno ili iwepo. Katika milima ya Pare na Usambara imo ndani ya miamba iliyopikwa katika sehemu ya chini ya ganda la dunia zaidi ya miaka milioni 600 iliyopita, pale joto lilipoyafukuza maji kutoka kwenye honiblendi, nayo ikageuka pairoksini.

Lakini juu ya ardhi haidumu. Mvua na hewa huivunja mapema kuliko kwazi. Chuma chake hugeuka kutu na kuupaka udongo rangi nyekundu, na kalsiamu na magnesiamu yake huingia katika mashamba ya kahawa na migomba ya Meru na Kilimanjaro. Udhaifu huo una faida kwa mtafuta almasi pia. Kimbalaiti, mwamba unaobeba almasi kama ule uliogunduliwa Mwadui na John Williamson mwaka 1940, huweza kuwa na dayopsaidi yenye kromiamu, ya kijani kibichi inayong'aa. Ganeti ya kimbalaiti yaweza kusombwa mbali na mto, lakini dayopsaidi husagika na kuoza upesi. Akiipata bado ina kingo kali kwenye mchanga wa kijito, chanzo chake hakiko mbali.