Kabla ya kupiga dawa, geuza jani kwanza

Msimu uliopita, katika shamba moja la maharagi huku Luhwindja, mama mmoja wa koperative alikuwa amekwisha kujaza pompi. Aliniita tu kuuliza kipimo cha dawa. Chini ya majani kulikuwa chawa mingi, vile vidudu vidogo vyeusi vinavyonyonya maji ya maharagi mpaka majani yanajikunja. Lakini kuko kitu kingine alinionyesha: nyuzi nyembamba kama unywele, zimesimama juu ya jani, kila moja na kichwa kidogo cha rangi ya kijani-cheupe. Alifikiri ni ugonjwa mpya, na ugonjwa huo ndio ulimuogopesha kuliko chawa.

Haukuwa ugonjwa. Yalikuwa mayai ya askari wake. Tuliweka pompi chini.

Mwenye mayai hayo ni nani? Ni kilulu cha kijani, chembamba, chenye macho yanayong'aa kama dhahabu na mabawa ya wazi yenye mishipa kama wavu. Katika ukurasa huu tumuite mabawa-wavu. Mukubwa wake huruka usiku na kuja kwenye mwangaza wa taa. Mama yake hutundika yai juu ya uzi ili sisimizi wasilifikie, na watoto wasilane wao kwa wao. Mtoto wake hana uzuri: anafanana na mamba mdogo wa rangi ya udongo, na mdomoni ana koleo mbili. Anakamata chawa, anamnyonya, anaacha ngozi tupu. Mtoto mmoja anaweza kumaliza mamia ya chawa kabla ya kujifunga ndani ya nyumba ya uzi na kugeuka mukubwa.

Duniani kuko aina zaidi ya elfu moja za mabawa-wavu, na hazijajulikana zote. Mwaka 2011, huko Malaysia, Hock Ping Guek alipiga picha ya mmoja msituni karibu na Kuala Lumpur, mwenye alama nyeusi kwenye mabawa, kisha kikaruka kikaenda. Guek hakuwa mtaalamu wa wadudu. Alipenda tu kupiga picha. Aliiweka kwenye intaneti. Huko California, mtaalamu Shaun Winterton aliiona, akashangaa: hakuwahi kuona aina hiyo. Lakini picha peke yake haikutosha, ilihitajika kumshika mdudu mwenyewe. Guek alirudia kule kule msituni, akampata, akamtuma London kwa Steve Brooks wa jumba la makumbusho. Brooks alithibitisha, na ndani ya makabati yao akakuta mwingine wa namna hiyo, aliyekaa miaka mingi bila jina. Mwaka 2012 watu hao watatu waliandika pamoja na kumpa jina: Semachrysa jade.

Mtajiuliza: jina la kilulu cha Malaysia litaniletea nini mimi kwenye shamba langu? Njo maana nataka tukumbuke mihogo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, kuanzia magharibi mwa nchi yetu na Kongo-Brazzaville, vichwa vya mihogo vilianza kujikunja na kukauka. Sombe ikapotea, mizizi ikawa midogo. Kulikuwa vidudu vyeupe kama vimepakwa unga, na hakuna aliyejua vimetoka wapi. Mwaka 1977 Danièle Matile-Ferrero alivieleza kama aina mpya, akaviita Phenacoccus manihoti. Kwa kuwa muhogo asili yake ni Amerika ya Kusini, wataalamu walikwenda kutafuta huko adui wa kidudu hicho. Kwanza walipata kidudu kinachofanana nacho sana, lakini maadui zake hawakufaa kwa kile chetu. Ilikuwa aina nyingine! Mwaka 1981 Anthony Bellotti akakipata chenyewe Paraguay, na pamoja nacho nyigu mdogo sana anayekiua. Nyigu huyo aliachiliwa Nigeria mwaka huo huo, na kazi ya kumsambaza Afrika iliongozwa na Hans Herren, aliyepewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995. Mihogo ilipona, na mkulima hakununua hata chupa moja ya dawa.

Kwa hiyo jina si maneno ya wasomi tu. Ukikosea kumtambua kilulu, unakosea dawa, na unapoteza msimu.

Kwa shamba lako, fanya hivi:

Geuza majani kumi au zaidi kabla ya kupiga dawa. Ukikuta mayai ya nyuzi au wale mamba wadogo, ngoja siku chache, urudi kuangalia. Huku kwetu juu kuko baridi, wanakua polepole. Dawa kali inaua chawa na askari pamoja, lakini chawa wanazaa haraka zaidi na wanarudi wa kwanza.

Chawa wakizidi, tumia maji ya sabuni kwenye majani yenye chawa tu, na uache yale yenye mayai ya nyuzi. Sabuni inaua mtoto wa mabawa-wavu vilevile.

Acha maua kando ya shamba. Wakubwa wengi wa mabawa-wavu wanakula maji matamu na unga wa maua.

Usitegemee yeye peke yake. Kwa kiwavi aliyekwisha kuingia ndani ya muhindi, hana nguvu.

Na ukikuta kilulu usichokijua, mwenye telefone apige picha: juu, pembeni, na jani lenyewe. Weka na kilulu ndani ya chupa kavu, andika siku na mahali, ulete kwenye mkutano wa koperative. Yule wa Malaysia alianza na picha moja tu.

Yule mama hakupiga dawa siku ile. Nilirudi wiki mbili baadaye. Chawa walikuwa bado wapo, lakini wachache, na chini ya majani kulijaa ngozi tupu. Dawa yake aliirudisha dukani.